Uzito wa Pini

Mwezi wa Aprili wa mwaka aliotimiza miaka sabini na miwili, Verlin Kucera hakuwa na nyumba, kwa sababu alikuwa ameiuza. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mkanda wa kupandishia mahindi ulikichukua mwaka ule ule aliooa. Hakuwa na mtoto wa kumshauri, wala mwenyewe hakuwa mtu wa kushauriwa. Mbwa wake alikuwa amekufa wakati wa baridi. Na, jambo ambalo watu wa Dry Fork, Nebraska, walilizungumza kila asubuhi wakinywa kahawa, hakuwa na gari la kukokotea trela lake.

Trela lenyewe alikuwa nalo. Lilisimama nyuma ya banda la mashine la shemeji yake, Dwaine Pospisil, jeupe lenye mistari ya kahawia, urefu wa mita kumi na moja. Lilikuwa la aina ile isiyofungwa kwenye ndoana ya nyuma ya gari. Shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu, na pini nene ya chuma hukaa ndani ya sahani iliyofungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli. Ndani mlikuwa na jiko, bafu na kitanda cha watu wawili. Verlin na mkewe Lavonne waliishi humo tangu mwisho wa Februari, katika uwanja usio wao, wakingoja kuondoka.

Walikuwa na sababu ya kuondoka mapema. Macho ya Lavonne yalikuwa yakifa kuanzia katikati. La kushoto lilikuwa limekwisha: akikutazama usoni, uso wako ndio hauoni, anaona masikio yako. La kulia lilianza kulifuata. Daktari wa Kearney hakuzungusha maneno. Alimwambia, "Mama, kama kuna kitu ulichokuwa unataka kukiona, usikiahirishe mpaka mwakani."

Kitu hicho kilikuwepo. Lavonne alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na minane, na juu ya jiko la shule kulikuwa na kalenda ya kampuni ya mbegu. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba ulikuja na picha ya bonde kuu la Arizona wakati jua linazama, mwamba mwekundu juu ya mwamba mwekundu mpaka macho yanachoka. Oktoba iliisha, yeye akaiacha picha palepale. Aliiacha hadi alipostaafu.

"Sitaki kwingine kokote," alimwambia Verlin. "Nataka kuona ule wekundu. Nikishauona, unipeleke popote, hata sokoni."

Hapo ndipo walipouza nyumba.

Pikapu ilikuwepo. Muuzaji wa Hastings alikuwa nayo uwanjani, nyeupe, imara, ya injini ya petroli. Verlin aliizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu asubuhi alipitia kwanza kwenye ghala la ushirika, ambako wazee hukutana saa kumi na mbili na kutupa dadu ili kujua nani atalipia kahawa.

Mkubwa wa meza ile alikuwa Gaylen Rezac, mfugaji wa ng'ombe, mwenye pikapu tatu za dizeli na maoni mengi kuliko ng'ombe.

"Petroli!" alisema Gaylen, akaweka kikombe chini kama aliyeambiwa kuna msiba. "Verlin, bwana wangu, ukitaka kumpeleka mkeo kanisani, chukua petroli. Lakini trela la paundi elfu kumi na tatu? Kwenye milima ya Kolorado? Utapanda unalia kama nguruwe aliyeona kisu, na mabibi wanakupita kwa baiskeli, wanakupungia mkono!"

Meza nzima ilicheka.

"Na kushuka je?" aliuliza mwingine. "Dizeli injini yenyewe inashika gari. Ya petroli utakanyaga breki mpaka zinuke."

"Mwacheni," alisema Gaylen. "Pengine anataka ya petroli kwa sababu haina kelele. Shemeji yake naye ana ya petroli. Watakuwa wanaimba kwaya."

Verlin alicheka pamoja nao, lakini masikio yalimwaka. Miaka thelathini na minne alikuwa mpima mizani wa ghala lile. Kila lori la nafaka lililoingia Dry Fork lilipanda kwanza juu ya mizani yake, na neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuzoea kuchekwa katika jengo hilo. Jumatatu hiyo hakwenda Hastings. Alipiga simu akaagiza dizeli kutoka kiwandani, rangi ya buluu iliyokoza, ifike baada ya wiki nane.

Dwaine alimkuta akijaza maji kwenye tangi la trela.

"Shemeji, nimesikia umeagiza."

"Nimeagiza."

"Wale watu wa kahawa hawajavuka mpaka wa wilaya tangu baba zao wafe. Ile nyeupe ipo, funguo ziko mezani. Mlima utaupanda polepole. Nani anakufukuza?"

"Kazi ifanywe kwa chombo chake."

"Chombo! Haya. Dizeli ikipigwa na baridi yetu inaganda kwenye bomba kama mafuta ya nguruwe kwenye kikaango. Utakumbuka chombo."

Verlin alifunga bomba la maji. Ushauri wa Dwaine ulimfika kila mara ukiwa na uchungu wa zamani. Vuli moja, miaka mingi nyuma, Dwaine alileta mahindi yaliyozidi uzito kwa paundi mia nne, na Verlin alimrudisha, akamsimamia apunguze kwa koleo mbele ya foleni ya malori kumi na moja. "Mizani haina shemeji," alisema siku hiyo, na watu waliyarudia maneno hayo kwa mwaka mzima. Dwaine alicheka pamoja nao, lakini hakuyasahau.

Jioni Lavonne aliuliza, "Ile nyeupe inakokota au haikokoti?"

"Inakokota, Mama, lakini..."

"Hiyo lakini yako ina siku ngapi?"

"Wiki nane."

Alihesabu kwa vidole. "Juni," alisema. "Sawa. Juni bado nitakuwa naona."

Juni ilifika bila pikapu. Kiwanda kilisema kuna kifaa hakijapatikana. Verlin, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alikuwa akienda maktaba ya mji kila asubuhi na daftari lake, anasoma majedwali kwenye kompyuta na kunakili namba. Alizipenda namba, hazikumcheka. Asubuhi moja alifika kwenye jedwali ambalo hakuwa amelitazama kabla, kwa sababu hakuna mtu wa kahawa aliyewahi kulitaja. Halikusema gari linaweza kukokota kiasi gani. Lilisema linaweza kubeba kiasi gani mgongoni.

Aliielewa habari ile mara moja, pengine kuliko mtu yeyote wa Dry Fork. Kukokota ni jambo moja, kubeba ni jingine. Trela la aina yake halivutwi tu. Zaidi kidogo ya moja ya tano ya uzito wake hukaa juu ya gari kupitia ile pini. Kwa lake, ilikuwa kama paundi elfu mbili mia saba na hamsini. Nayo injini ya dizeli ni nzito, na uzito wake hukatwa kwenye kile ambacho gari linaruhusiwa kubeba. Pikapu ya petroli, ile nyeupe, ilibeba elfu tatu na mia tano. Yake ya buluu ilibeba elfu mbili na hamsini. Ilikuwa na nguvu za kung'oa mti na haikuruhusiwa kubeba mgeni.

Alikaa akiitazama skrini mpaka mkutubi akamuuliza kama anahitaji msaada.

Nyeupe ilikuwa bado Hastings. Alijua, kwa sababu aliipita wiki ile alipompeleka Lavonne kwa daktari. Simu moja tu ingetosha. Lakini meza nzima ya kahawa ilikwisha kuijua rangi ya buluu, Gaylen alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama "mtu wetu wa dizeli." Verlin alifunga daftari. Alijiambia kwamba majedwali huandikwa kwa magari ya wastani, kwamba kibandiko cha kwenye mlango wa gari lake huenda kikaja na namba nzuri zaidi. Alijua hakitakuja. Mtu aliyepima malori miaka thelathini na minne hajidanganyi kuhusu paundi mia saba. Anachagua tu kunyamaza.

"Umesoma nini leo?" aliuliza Lavonne.

"Habari za matairi."

Akanyamaza Julai, akanyamaza Agosti. Lavonne alianza kumimina kahawa kwa kuingiza kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Alioka kolachi, mikate midogo mitamu yenye mbegu za mpopi katikati, kama kawaida, lakini mbegu zikawa zinaangukia pembeni ya shimo la unga, naye akazila hizo mwenyewe kabla mtu hajaziona. Siku moja alimsalimu Verlin mlangoni, "Karibu, Dwaine." Hakuna aliyecheka. Kila jioni aliuliza swali lile lile, "Wamekupa tarehe?" Mwishoni mwa Septemba aliacha kuuliza.

Pikapu ilifika tarehe kumi na mbili Oktoba. Ilikuwa nzuri, hilo nalo lazima lisemwe. Ilikuwa ndefu, inang'aa, na sauti yake nzito ulikuwa unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Verlin alifungua mlango wa dereva, akainama kama anayekagua bawaba, akasoma kibandiko. Elfu mbili na hamsini. Akafunga mlango.

Sahani ilifungwa, na siku ya tatu wakalifunga trela uwanjani kwa Dwaine. Verlin alirudi nyuma taratibu, pini ikaingia, ikalia mlio mzuri wa chuma. Kisha akainua miguu ya trela, na uzito wote ukakaa juu ya gari. Nyuma ya pikapu ilishuka. Pua ikatazama mawinguni.

Dwaine aliinama, akachungulia chini ya tairi, akainuka. "Shemeji, mbona imechuchumaa?"

"Springi mpya. Zitakaza."

"Springi mpya ndizo hazilegei." Alijipangusa mikono polepole. "Tuipeleke mizanini. Si ndiyo sheria yako?"

Lavonne alikwisha kupanda kwenye kiti cha abiria, amevaa koti lake zuri, mkoba mapajani. Walikuwa wamepanga kuondoka asubuhi ile ile, wakitoka uwanjani moja kwa moja hadi barabara kuu.

Mizani ya ghala sasa ilikuwa chini ya Marlys, mwanamke ambaye Verlin mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Watu wa kahawa walitoka na vikombe vyao, maana gari jipya halifiki Dry Fork kila siku. Marlys alipima pikapu peke yake, kisha magurudumu ya pikapu yakiwa mizanini na ya trela yakiwa nje, kama alivyofundishwa. Alitoa tofauti kwa kalamu. Akatoka kibandani, akafungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko, akasoma karatasi yake. Akampa Verlin karatasi bila kumtazama.

"Imezidi, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Ukijumlisha sahani na nyie wawili, imezidi kama paundi elfu moja na mia mbili. Pini peke yake imezidi mia saba."

"Haiwezekani," alisema Verlin. Aliisoma karatasi kama mtu anayeiona namba hiyo kwa mara ya kwanza. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Hata nyusi alizipandisha.

"Si nilikwambia uangalie mashine unayonunua!" alisema Gaylen.

"Uliniambia ninunue dizeli, Gaylen."

"Nilisema dizeli. Sikusema dizeli hiyo! Mimi nilidhani utachukua ile ya magurudumu mawili kila upande nyuma. Nani anakokota trela kama hilo kwa hii?" Akageukia wenzake. "Kwa uzito huu, hata ile ya petroli ingembebea."

"Petroli ingebeba," alikubali mmoja wao. Wote walikubali. Walikunywa kahawa.

"Lakini si uende tu?" alisema Gaylen kwa upole uliouma kuliko dhihaka. "Nusu ya matrela ya nchi hii yamezidi. Nani anaangalia?"

Verlin alisimama juu ya chuma cha mizani yake. Dwaine alikuwa upande wa pili, mikono mfukoni, hasemi neno. Angesema, Verlin angeweza kumjibu.

"Sitoki hapa na mzigo uliozidi," alisema Verlin. "Sijamruhusu mtu, sijiruhusu. Nitairudisha hii, nibadilishe. Ni wiki tatu. Nne zikizidi."

Kioo cha upande wa abiria kilishuka.

"Verlin. Twende."

"Mama, imezidi."

"Nimesikia. Masikio yangu mazima. Mia saba, wanasema. Mimi nina paundi mia moja na thelathini. Nikishuka itapungua?"

Hakuna aliyecheka, hata Gaylen.

"Wiki tatu tu, Mama."

Lavonne alishika mkoba wake. Kisha akafungua mlango, akapapasa ngazi kwa mguu, akashuka. Alisimama akigeuza uso pembeni, namna alivyokuwa akifanya siku hizo ili apate kuona kwa ukingo wa jicho.

"Dwaine yuko wapi?"

"Niko hapa, dada."

"Lile gari lako la petroli linawaka?"

"Linawaka. Lina kelele, lina harufu ya ndama, lakini linawaka."

"Litafika Arizona?"

"Limefika mbali kuliko wote hawa."

"Basi kesho asubuhi. Tutalala kwenye hoteli za barabarani." Akageuza tena shavu, akimtafuta mumewe. "Kiti ni kimoja kirefu, Verlin. Tunaenea watatu. Njoo."

Hapo Verlin alikuwa na nafasi yake, na aliijua. Alichotakiwa kusema ni neno moja. Lakini alijiona amekaa katikati ya kiti kile, magoti yamebana kwenye mkono wa gia, petroli ikinguruma chini yake, Dwaine akiendesha na kupiga mluzi maili elfu moja, na meza nzima ya kahawa ikiwapungia vikombe wakitoka mjini.

"Lazima mtu abaki kushughulikia hii pikapu," alisema.

"Ndiyo," alisema Lavonne. "Lazima."

Waliondoka saa moja asubuhi. Verlin alibaki kulisha ng'ombe wa Dwaine, kwa kuwa mtu alitakiwa kuwalisha.

Siku ya sita simu ililia. Alikuwa Dwaine.

"Tumefika. Amesimama ukingoni saa nzima."

"Ameona?"

"Ameligeuzia shavu, namna yake ile. Anasema pembeni ni pekundu kweli. Katikati anasema ni jivu. Alizungusha kichwa, akajaribu huku, akajaribu kule. Lile jivu lilimfuata popote alipotazama. Kisha akaniuliza mimi nimweleze. Mimi, shemeji! Mimi wa ng'ombe. Nikamwambia ni kubwa, ni jekundu. Nikaishiwa."

"Mpe simu."

Kulikuwa na minong'ono. Dwaine akarudi.

"Hataki simu. Anasema kwenye simu utamweleza injini. Tunakaa kwa binamu yetu huku mpaka Machi. Anasema kama una neno, uandike."

"Hawezi kusoma, Dwaine."

"Nitamsomea mimi. Binamu hana miwani, na mimi ndiye niliyepo."

Verlin alikaa kwenye meza ya trela, ambalo lilikuwa limerudi kwenye miguu yake nyuma ya banda. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Ilieleza uzito wa injini, tofauti ya kukokota na kubeba, uzembe wa kiwanda na ulimi wa Gaylen Rezac. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliisoma kwa sauti, akajaribu kuisikia kwa sauti ya Dwaine, akaichana.

Ya pili ilianza kwa maneno ambayo mume humwandikia mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na minane. Alifika mstari wa tatu, akamwona Dwaine amevaa miwani yake ya kusomea, akiyasoma maneno hayo kwa sauti yake ya mnadani, akikohoa penye aibu. Verlin aliona haya akiwa peke yake. Akaichana na hiyo.

Siku mbili hakuandika. Aliibadilisha pikapu? Hapana. Ilisimama pale pale, na theluji ya kwanza ilikaa juu ya boneti yake ya buluu. Hakwenda kwenye kahawa. Siku ya tatu, baada ya kulisha ng'ombe, alikaa bila kuvua koti, akaandika kwa herufi kubwa alizokuwa akizitumia kwenye tiketi za mizani, ili msomaji asikwame:

"Lavonne. Ile nyeupe ya Hastings ingebeba. Nilijua tangu Juni. Nilisoma maktaba, siku niliyokwambia nimesoma habari za matairi. Ilikuwa bado inauzwa. Sikupiga simu kwa sababu ya watu wa kahawa. Mizanini nilijifanya sijui. Ungeona yote. Verlin."

Aliisoma mara moja. Safari hii pia aliisikia kwa sauti ya Dwaine. Alisikia mahali ambapo Dwaine angenyamaza, baada ya Juni, na anyanyue macho, na dada yake aseme, "Endelea." Hakuna njia yoyote ambayo neno lile lingemfikia Lavonne bila kumpitia kwanza mtu yule. Alitafuta njia hiyo kwa muda mrefu, kalamu mkononi. Alifikiri kumwandikia Marlys ampigie simu. Alifikiri kungoja mpaka Machi, amwambie mwenyewe, uso kwa uso, kwenye uso ambao yeye hauoni tena.

Akakunja karatasi mara tatu. Juu ya bahasha aliandika jina la mkewe, na chini yake, kwa sababu anwani ilihitaji hivyo, "kwa mkono wa Dwaine Pospisil." Alilamba gundi, akaifunga, akaipitishia kidole gumba mara mbili kutoka kona hadi kona.

Sanduku la barua lilikuwa getini, mwendo wa dakika tano katika theluji. Aliiweka ndani, akainua kibendera chekundu cha pembeni, ishara ya kuwa kuna barua ya kuchukuliwa, na hakurudi ndani. Alisimama pale, mikono mfukoni, mpaka gari la posta lilipotokea kwenye kilima.

"Habari, Bwana Kucera," alisema mwanamke wa posta kupitia dirishani. "Bado hamjaondoka?"

"Bado."

Alichukua bahasha, akaisoma anwani, akaitupa kwenye trei pamoja na nyingine, akakishusha kibendera, akaenda zake.